Mfanyabiashara wa Mwanga anawezaje kuwa Meya wa Kigoma Ujiji?

Mfanyabiashara wa Mwanga

Wana Kigoma na nyote mnaoujua uendeshaji wa halmashauri zetu, nawasalimu kwa heshima.

Nina duka la jumla la nafaka na mafuta ya mawese pale Mwanga. Nililianza mwaka 2009 nikiwa na magunia sita ya maharage ya Kasulu na madumu kumi ya mawese niliyokopeshwa na mjomba wangu, na leo linalisha familia yangu pamoja na familia za vijana watano ninaofanya nao kazi. Nimezaliwa Ujiji, nimesomea hapa hapa, na watoto wangu wanasoma katika shule za manispaa hii, kwa hiyo ninapouzungumzia mji huu siuzungumzii kama mpita njia. Tangu Ramadhani iliyopita wazee wawili wa mtaa wetu wamekuwa wakinijia dukani baada ya swala ya alasiri na kauli moja, kwamba nigombee umeya, kwa kuwa mtu aliyelitoa duka kwenye magunia sita na kulifikisha hapa lilipo hatashindwa kuzisimamia fedha za manispaa. Mwanzoni niliyachukulia kuwa ni maneno ya barazani. Sasa nimeanza kuyatafakari kwa dhati, kwa sababu kila asubuhi ninapoinua mlango wa duka nakutana na mambo yale yale: mtaro uliojaa taka hadi maji machafu yanapita juu ya ngazi, akina mama wakipanga nyanya juu ya viroba kando ya barabara ilhali ndani ya soko kuna vizimba vilivyofungwa kufuli mwaka mzima, na barabara ya mtaa ambayo wakati wa masika haipitishi hata guta.

Naomba mnielekeze. Fomu ya kugombea umeya inachukuliwa wapi, na je, ninaweza kusimama bila chama chochote, maana wateja wangu ni wa vyama vyote na nisingependa kumpoteza hata mmoja? Nimesoma kwamba New York iliwahi kumchagua tajiri mwenye kampuni yake, Michael Bloomberg, akawa Meya kuanzia 2002 hadi 2013, akajigharimia kampeni kwa fedha zake mwenyewe na kupokea mshahara wa dola moja kwa mwaka. Je, kwetu jambo la namna hiyo linawezekana? Na tukijaalia kwamba nimepata, duka langu nilifanyeje?

Diwani wa Zamani, Ujiji

Mdogo wangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuchapisha kalenda na kofia, kwa sababu wengi huuliza fedha zikiwa zimekwisha kuteketea.

Jambo la kwanza ulielewe vizuri, kwani wazee waliokujia inaelekea hawakukueleza: kwetu mwananchi hampigii kura Meya. New York wananchi wote wa jiji humchagua Meya wao moja kwa moja, na jirani zetu wa Kenya wameuondoa kabisa umeya wa namna tuliyoizoea, wakawa tangu uchaguzi wa 2013 wanawachagua magavana wa kaunti. Sisi tunafuata Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, ambayo inawaachia madiwani kazi ya kumchagua Meya kutoka miongoni mwao. Kwa hiyo fomu ya umeya unayoitafuta haipo mahali popote utakapoweza kuichukua leo. Fomu iliyopo ni ya udiwani, na udiwani ni wa kata moja. Manispaa yetu ina kata 19, kuanzia Bangwe na Kibirizi huko ziwani hadi Rubuga, Kasimbu na Kitongoni, na wewe utagombea moja tu, mahali ambapo watu wanakufahamu kwa jina la baba yako.

Bila chama haiwezekani. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua mwezi Juni 2013 kwamba kumzuia mtu kugombea bila chama ni kuivunja haki yake, lakini sheria zetu bado zinamtaka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Sifa nyingine unazo bila shaka: uraia, umri usiopungua miaka 21, ukazi katika eneo la halmashauri, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na kipato halali. Hapo hapana kazi.

Kazi ipo kwenye milango mitatu utakayoipita, na kila mlango una walinzi wake. Kwanza ni kura za maoni ndani ya chama utakachokichagua, ambako utakutana na watu waliobeba viti vya mikutano na kulipa ada za uanachama miaka yote uliyokuwa ukipima maharage. Wa pili ni wananchi wa kata yako. Wa tatu ni madiwani wenzako, na kabla hata ya kikao cha kwanza cha baraza, madiwani wa chama chako watakutana peke yao kuamua ni nani watakayempeleka kugombea umeya. Baada ya hapo madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu na mbunge wa jimbo hupiga kura, na wote kwa pamoja hawafiki hata arobaini. Hao ndio wanaomweka Meya kwa miaka mitano, na Naibu wake humchagua kila mwaka. Hao hao wanaweza kumwondoa. Meya wa Jiji la Dar es Salaam aliyechaguliwa Machi 2016, baada ya uchaguzi wake kuahirishwa mara kadhaa, aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani Januari 2020, na wananchi wa jiji walipata habari kwenye redio kama mimi na wewe. Hapa kwetu uchaguzi wa 2015 ulikipa ACT-Wazalendo wingi wa madiwani, na kwa sababu hiyo Meya akatoka chama hicho. Ukilitafakari hilo utaona kwamba hesabu ya viti vya chama inakuja kabla ya sifa za mtu, hata awe hodari namna gani.

Nimeketi katika baraza hilo miaka mitano, na jambo linaloniuma hadi leo ni ahadi niliyoitoa nikiwa mgombea. Niliwaambia wazee wa mtaa wangu kwamba nitaitengeneza barabara inayoshuka kwenda ziwani, na niliamini ninachokisema. Mwaka 2017 ikaanzishwa TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, barabara za mitaa zikahamia huko pamoja na fedha zake, nami nikabaki nikiandika barua za kuomba nilichokuwa nimewaahidi watu kwamba kimo mkononi mwangu. Mzee mmoja alikuwa akinisubiri nje ya msikiti kila Ijumaa, hasemi neno, ananionyesha tu kanzu yake ilivyoingia tope. Maji yana mamlaka yake, umeme una shirika lake, na kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa tunaponunua umeme. Mtendaji mkuu wa manispaa ni Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, na ndiye mwenye watumishi na ndiye mwenye saini ya fedha. Meya huongoza vikao na kuusimamia msimamo wa baraza, lakini hamwajiri wala hamfukuzi Mkurugenzi. Kwa hiyo ile barabara isiyopitisha guta uiondoe katika mazungumzo yako kuanzia leo. Mtaro wenye taka na vile vizimba vilivyofungwa kufuli uvishike, kwa kuwa hivyo ni vya baraza.

Mama wa Kibirizi

Mimi nimeuza dagaa na migebuka katika mwalo wa Kibirizi kwa zaidi ya miaka ishirini, na msimu wa mavuno huchanganya na maharage, kwa hiyo kaka yangu wa Mwanga naongea naye kama mtu wa kazi moja.

Nakubaliana na Mheshimiwa aliyetangulia katika mambo ya sheria, ila nisingependa maelezo yake yakukatishe tamaa, kwa sababu yale yaliyobaki mikononi mwa baraza ndiyo yanayotugusa sisi kuliko mengine yote. Ushuru wa soko, ada ya kizimba, leseni, taka, choo cha mwalo, saa za kufungua na kufunga, mahali boti zinapopakulia, vyote hivi vinaandikwa katika sheria ndogo, na sheria ndogo hupitishwa na madiwani ambao wengi wao hawajawahi kusimama nyuma ya meza ya biashara hata siku moja.

Nitakupa mfano. Mwaka juzi nilikuwa natoka kununua maharage, nimebeba magunia manane ya kilo mia kwenye gari la kukodi, na sheria tangu 2017 inasema kwamba mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwenye kizuizi kimoja njiani kijana mwenye mashine ya kukatia risiti akanitaka nilipe. Nikamweleza sheria, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye amepewa kiwango cha kukusanya kwa siku, asipokifikisha anakatwa, na sheria ninayoisema hajawahi kuonyeshwa. Nililipa, kwa kuwa dereva alikuwa ananihesabia saa na jua lilikuwa linazama. Sikumchukia yule kijana. Nilichokiwaza hadi nafika nyumbani ni kwamba katika kikao kilichompangia kile kiwango hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua kilo mia za maharage zinamwachia mchuuzi shilingi ngapi baada ya gunia, kamba, mpakiaji na nauli.

Au chukua ile miezi mitatu ya 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilipofungwa ili samaki wazaliane. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana, na kwa ziwa letu nadhani ilikuwa sahihi, maana dagaa walikuwa wamepungua hadi ndoo ya kawaida ilikuwa bei ya dhahabu. Uamuzi ule haukuwa wa Meya. Hata hivyo, meza tupu ilikuwa ya kwangu, na ningetamani sana kumwona Meya anayeshuka mwaloni kabla ya siku ya kufunga, anakaa na sisi kwenye magogo, anauliza ni nani mwenye mkopo, ni nani anayelipia chumba cha kuhifadhia, kisha anaipeleka hoja ya ada ya mwalo katika baraza kabla hatujaanza kudaiwa. Mtu wa biashara angelijua hilo bila kuambiwa. Kwa ajili hiyo nasema gombea.

Kijana wa Gungu

Dada yangu na mama yetu wa Kibirizi, kwa heshima zote naomba nitofautiane na wewe kidogo. Mfanyabiashara wa jumla na mchuuzi hawana masilahi mamoja. Mwenye duka la Mwanga anapolalamika kuhusu akina mama wa nyanya kando ya barabara, mimi ninayeendesha bodaboda huwa najiuliza kama anawahurumia au anataka waondolewe mbele ya mlango wake. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani inayotengwa kuwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata, na katika kijiwe chetu tumeunda kikundi mara mbili bila kufanikiwa kuupata mkopo huo. Nitampigia kura mtu atakayenieleza tulikosea wapi katika maombi yetu, awe ana duka au hana.

Mhasibu Mstaafu

Nimefanya kazi katika idara za fedha za halmashauri tatu, kwa hiyo nitajikita katika swali la mwisho la ndugu yetu, lile la duka, ambalo mpaka sasa mmelipita pembeni, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote.

Meya ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi. Maana yake ni kwamba taarifa ya mapato, orodha ya wadaiwa, mapendekezo ya viwango vya ada na taarifa za zabuni hupita mbele yake kabla hazijafika katika baraza zima. Mfanyabiashara anayekaa katika kiti hicho anajua kesho ada ya soko itakuwaje, wakati mshindani wake wa duka la tatu hajui. Hata akiwa mwaminifu kama nini, ile elimu anayo kichwani na hawezi kuitoa anaporudi dukani jioni. Ndiyo maana Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, inawahusu mameya na madiwani, wakatakiwa kutoa tamko la mali na madeni yao kwa Sekretarieti ya Maadili, na ndiyo maana diwani mwenye masilahi katika jambo linalojadiliwa hutakiwa kuyatangaza na kutoshiriki katika uamuzi wake. Zabuni siku hizi zinapita katika NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, nao umepunguza mengi, lakini mfumo hauoni kwamba kampuni iliyoshinda ni ya shemeji.

Naomba niwasimulie tukio moja. Katika halmashauri mojawapo niliyoitumikia, ambayo siitaji, tulipeleka kikaoni pendekezo la kupandisha kodi ya fremu za soko, kwa sababu tuligundua kwamba waliopangishwa na halmashauri hawakuwa ndio wanaofanya biashara humo. Mtu analipa halmashauri kodi ndogo iliyopangwa miaka mingi iliyopita, kisha anampangisha mwingine kwa bei mara tatu au nne, naye anakaa nyumbani. Niliandaa jedwali mwenyewe, jina la mwenye mkataba upande mmoja na jina la aliyekutwa dukani upande wa pili. Nilipomaliza kulisoma, ukumbi ukawa kimya kwa muda ambao sitausahau. Diwani mmoja akainuka na kusema kwamba jedwali halikufanyiwa utafiti wa kutosha na lirudishwe kwa wataalamu, wa pili akamuunga mkono, na hoja ikaishia hapo. Baadaye mlinzi wa soko alinionyesha fremu tano zilizokuwa mali ya mheshimiwa yule kupitia jina la mke wake, la mwanawe na la dereva wake. Jedwali langu halikurudi tena kikaoni hadi nilipostaafu. Kila mwezi niliona fedha ambazo zingetosha kuzoa taka za soko lile zikiingia katika mifuko ya watu wasiofungua hata dirisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwanga, kabla hujaulizia chama, ulizia mkataba wako. Je, duka lako liko katika jengo lako, la mtu binafsi au la manispaa? Je, unauza chakula kwa shule au kituo chochote kilicho chini ya halmashauri? Una fremu nyingine kwa jina lako? Sikuulizi kwa kukutuhumu. Naliuliza swali ambalo mpinzani wako atalisoma kwa kipaza sauti siku ya mkutano wa kampeni.

Kuhusu Bloomberg, kampeni yake ya kwanza ilimgharimu zaidi ya dola milioni 70 za mfukoni mwake. Njia hiyo kwetu imefungwa, na imefungwa kwa haki. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliyafuta masharti ya sheria yaliyokuwa yakihalalisha takrima, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaweka mipaka ya matumizi na kuyakataza yale yote tuliyokuwa tukiyaita ukarimu. Sisi wa Kigoma tungepaswa kulikumbuka hilo kuliko watu wa mikoa mingine, kwa kuwa uchaguzi mdogo wa ubunge wa mji huu wa mwaka 1994 ulifutwa na mahakama katika shauri la mgombea Dk. Aman Walid Kabourou, lililofika hadi Mahakama ya Rufani, na mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa humo lilikuwa ujenzi wa barabara wakati kampeni zinaendelea. Wewe utasema unamsaidia mfiwa kilo ishirini za mchele kama ulivyokuwa ukifanya miaka yote, na mwenzako atasema umenunua kura. Usisubiri hadi miezi ya kampeni ndipo uamue jinsi utakavyoishi na misiba ya mtaa wako. Weka daftari, uandike unachokitoa na tarehe yake kuanzia sasa, ili siku ya kuulizwa ionekane kwamba ulitoa kabla, ulitoa kwa kiasi kile kile, na hukuongeza.

Mfanyabiashara wa Mwanga

Nimechelewa kujibu kwa sababu swali la mzee wetu mhasibu lilinifanya nilale macho wazi kwa siku mbili.

Duka langu kubwa liko katika nyumba ya mtu binafsi na halina mgogoro. Siuzi chochote kwa halmashauri. Lakini nina fremu moja ndani ya soko la manispaa, mkataba uko kwa jina langu tangu 2013, na mimi si ninayeitumia. Kaka yangu alipofariki nilimpa mjane wake afungue humo duka la vitenge, na kwa miaka miwili sikumtoza kitu. Baadaye biashara yake iliposimama tulikubaliana awe ananipa laki moja na nusu kwa mwezi, ambayo nimekuwa nikiitumia kulipa ada ya mwanangu wa kwanza aliye chuoni. Ninachokilipa manispaa hakifiki theluthi ya fedha hizo. Mpaka juzi nilikuwa nikijiona mtu aliyemsaidia shemeji yake. Niliposoma habari ya lile jedwali nikaona kwamba jina langu lingekuwa upande mmoja na la shemeji yangu upande wa pili, na kwamba ningekuwa kwenye baraza lile ningetafuta kila sababu ya kusema utafiti haujatosha.

Kwa kijana wa Gungu, umeniuliza jambo la haki. Nakiri kwamba akina mama wa nyanya wamewahi kunikera, hasa mzigo unapofika na lori likakosa pa kusimama. Hata hivyo, nimevihesabu vizimba vilivyofungwa ndani ya soko na nimepata kumi na saba, na akina mama walio nje mbele ya duka langu ni kumi na mmoja. Ninataka wahamie humo kwa ada wanayoiweza, tena kwa majina yao wenyewe. Kuhusu kikundi chenu, uje dukani na barua mliyorudishiwa, tuisome pamoja, kwa kuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ni mteja wangu na nitamwomba atueleze kasoro iko wapi.

Mama yangu wa Kibirizi, nimekusikia. Mheshimiwa, barabara nimeiondoa katika mazungumzo yangu, ingawa wazee wangu hawakufurahi nilipowaeleza, na mmoja alisema kwamba Meya asiyetengeneza barabara ni wa nini.

Sasa namuuliza mzee wetu mhasibu: fremu hii niifanyeje ili shemeji yangu asitolewe? Nikiirudisha tu, ninaogopa watampa mtu mwingine mwenye kujuana, naye abaki barabarani na vitenge vyake.

Mhasibu Mstaafu

Hofu yako ina msingi, kwa hiyo usirudishe ufunguo kabla ya karatasi. Andika barua kwa Mkurugenzi wa Manispaa, kwa kuwa mkataba ni baina yako na ofisi yake, ueleze ukweli wote bila kupunguza: tangu lini mwenye kuitumia ni shemeji yako, kwamba unaomba kuuvunja mkataba wako, na kwamba unaomba yeye aliyemo apewe mkataba mpya kwa jina lake. Shemeji naye aandike ya kwake ya maombi, aambatanishe leseni yake ya biashara na namba yake ya mlipakodi, na barua mbili ziende siku moja. Kama hana leseni kwa jina lake, aanze na hiyo, kwani bila leseni hana pa kusimamia. Uwe tayari kuambiwa kwamba kodi mpya itakuwa juu kuliko ile ya kwako ya zamani, na uwe tayari pia kuulizwa kuhusu fedha ulizopokea. Ukiulizwa, jibu. Hilo la ada ya mwanao utalibeba kwa njia nyingine, nami sina ushauri wa kulipunguzia uzito.

Mama wa Kibirizi

Shemeji yako kama hajawahi kuandika barua ya maombi, aje kwangu Jumamosi baada ya saa kumi, nitamwandikia. Aje na kitambulisho chake cha taifa.

Mfanyabiashara wa Mwanga

Tumeziandika jana usiku baada ya isha, mimi yangu na yeye yake, mezani kwa mama yangu Ujiji. Mama alituuliza mara tatu kama nina akili timamu, kuachia fremu ya soko kwa hiari yangu. Leseni ya shemeji ilikuwepo, ilikuwa imekwisha muda wake mwezi mmoja uliopita, kwa hiyo kesho tunaanzia dirisha la biashara kuihuisha. Jumatatu nitazipeleka barua zote mbili masjala, kila moja na nakala yake, na sitaondoka hadi nakala zigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.